Uzoefu wa kazi katika udahili wa shule za biashara

Uzoefu wa kazi katika udahili wa shule za biashara ni muda na aina ya kazi ambayo mwombaji ameifanya kabla ya kuanza masomo ya Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Biashara (kifupi: MBA). Hutazamwa pamoja na matokeo ya chuo, mtihani wa GMAT au GRE, insha na barua za mapendekezo.

Historia

Shahada ya MBA ilianzia Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, kilichofungua shule yake ya biashara mwaka 1908. Huko wanafunzi hujifunza hasa kwa kujadili matatizo halisi ya kampuni. Katika mjadala wa namna hiyo, aliyewahi kusimamia wafanyakazi au kupanga bajeti ana la kuwafundisha wenzake. Hii ni sababu mojawapo ya shule kuuliza juu ya kazi.

Mwaka 1943 Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha MBA ya watendaji, yaani watu wenye uzoefu mrefu wanaosoma bila kuacha kazi.

Kazi inayohesabiwa

Kwa kawaida huhesabiwa kazi ya muda wote iliyofanywa baada ya kupata shahada ya kwanza. Mwajiri anaweza kuwa kampuni, serikali, jeshi, shule, hospitali au shirika lisilo la kiserikali. Biashara ya mtu mwenyewe au ya familia hukubaliwa pia, mradi mwombaji aonyeshe majukumu yake na matokeo yake. Shule nyingi huhesabu miezi hadi siku ya kuanza masomo, si siku ya kutuma maombi.

Mafunzo kwa vitendo ya wanachuo, kazi za likizo na kazi za saa chache kwa wiki mara nyingi haziingizwi katika idadi ya miaka. Hata hivyo zinaweza kutajwa katika wasifu, sawa na kazi za kujitolea.

Idadi ya miaka na uzito wa kazi

Wanafunzi wengi wa MBA ya kawaida huwa wamefanya kazi kwa takriban miaka 3 hadi 7. Lakini miaka peke yake haitoshi. Miaka 3 ambamo majukumu yaliongezeka inaweza kuwa na uzito kuliko miaka 6 ya kazi ileile isiyobadilika. Cheo kikubwa nacho hakisaidii kama mwombaji hawezi kueleza alichokifanya.

Wasio na uzoefu

Shule ya biashara ya Stanford haiweki kiwango cha chini cha miaka. Harvard ina mpango wa "2+2" unaowapokea wanafunzi walio mwaka wa mwisho wa chuo, kwa sharti la kufanya kazi angalau miaka 2 kabla ya kuanza MBA. Barani Ulaya shule nyingi, kama HEC Paris, hutoa pia shahada ya uzamili ya usimamizi kwa wahitimu wapya.

Kwa kuwa masharti hutofautiana, mwombaji hushauriwa kuyasoma kabla ya kulipa ada ya maombi, ambayo kwa kawaida hairudishwi.