Saa ya seva si saa ya Mbamba Bay: Namna tovuti inavyorekebishwa ikiwa kazini

MKULIMA wa kahawa anayefikisha mzigo wake kwenye chama cha msingi wilayani Mbinga saa 12:30 asubuhi, katika msimu wa mwezi Julai, anaweza kukabidhiwa risiti yenye tarehe ya jana, ilhali karani hakukosea na hakuna aliyekusudia udanganyifu.

Hali hiyo inaweza kutokea pale risiti inapotolewa na tovuti ambayo seva yake, yaani kompyuta inayoihifadhi, iko nchi ya mbali na inafuata saa za huko. Wakati Mbinga ni saa 12:30 asubuhi, mjini New York nchini Marekani, katika mwezi huo wa Julai, huwa ni saa 5:30 usiku wa siku iliyotangulia.

Tofauti hiyo si jambo dogo. Bei ya kahawa ikibadilika kati ya siku moja na nyingine, au mkulima na chama wakihitilafiana juu ya siku mzigo ulipopokelewa, risiti ndiyo shahidi. Shahidi mwenye tarehe isiyo sahihi humwumiza zaidi yule asiye na karatasi nyingine ya kumtetea.

Dawa inayofikiriwa kwanza ni kumwomba mwenye seva abadilishe saa yake. Mara nyingi hilo haliwezekani, kwa sababu seva moja ya kukodi huweza kubeba tovuti nyingi za watu wa nchi mbalimbali. Njia iliyobaki ni programu yenyewe kubadilisha mpangilio wake wakati ikiwa kazini.

Mipangilio inakokaa

Miongoni mwa lugha zinazotumika sana kuandikia tovuti ni PHP, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, na kutolewa kwa umma mwaka 1995. Mwenendo wake huongozwa na faili liitwalo php.ini, ambamo huandikwa mambo kama vile kiasi cha kumbukumbu ambacho programu inaruhusiwa kutumia, muda wa juu wa kufanya kazi, na ukanda wa saa unaofuatwa.

Kwa kawaida faili hilo liko mikononi mwa msimamizi wa seva. Mwandishi wa tovuti aliyekodi nafasi ndogo hawezi kuligusa. Kwa ajili yake ipo amri ya ini_set, ambayo hupewa vitu viwili: jina la mpangilio na thamani mpya. Amri ikifaulu, hurudisha thamani ya zamani; ikishindwa, hurudisha jibu la kukanusha.

Kwa mfano, kiwango cha kawaida cha kumbukumbu katika PHP ni megabaiti 128. Ukurasa unaokusanya maelfu ya risiti ili kutoa ripoti ya mwisho wa msimu unaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Mwandishi huongeza kiwango kwa ajili ya ukurasa huo pekee, na kurasa nyingine hubaki kama zilivyokuwa.

Jambo la msingi ni kwamba badiliko hilo lina uhai mfupi. Mwongozo rasmi wa PHP unaeleza kuwa thamani mpya hudumu wakati programu inapotekelezwa, na kazi ikiisha ile ya awali hurejeshwa. Ni sawa na mgeni wa nyumba ya kulala wageni anayesogeza kitanda chake karibu na dirisha: akiondoka, chumba hupangwa upya, na mgeni wa pili hukuta kila kitu mahali pake. Kwa sababu hiyo amri lazima itolewe kila mara ukurasa unapoombwa, tena mwanzoni kabla ya kazi nyingine.

Saa mbili za ziwa moja

Kwa upande wa saa, PHP ina amri maalumu iitwayo date_default_timezone_set, iliyoanza kupatikana katika toleo la 5.1 la mwaka 2005. Amri hiyo hupewa jina la eneo, na kwa Tanzania jina hilo ni Africa/Dar_es_Salaam. Ingawa Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi, jina lake halimo katika orodha. Anayeandika Africa/Dodoma au Africa/Mbinga hukataliwa, na saa ya awali huendelea kutumika.

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, uchaguzi wa jina hilo unahitaji uangalifu zaidi. Malawi, iliyo ng'ambo ya ziwa, na Msumbiji, inayopakana na mwambao huo kwa kusini, zote ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mbamba Bay ikiwa saa 2:00 asubuhi, Nkhata Bay nchini Malawi ni saa 1:00.

Kwa kufuata jua, mwambao huo unakaribiana zaidi na saa za majirani, kwani jua hufika utosini Dar es Salaam kwa zaidi ya robo saa kabla ya kufika utosini Mbamba Bay. Hata hivyo, saa ya nchi huwekwa kwa sheria wala haifuati kivuli cha mti.

Mwandishi wa tovuti anayechagua Africa/Blantyre kwa kuona kwamba ziwa ni moja, ataingiza kosa la saa nzima. Ukurasa unaoonyesha muda uliobaki kabla ya meli kung'oa nanga Mbamba Bay utamwambia abiria kuwa bado ana saa moja, wakati huo meli ikiwa tayari inaondoka gatini.

Lakini hapo hapo ndipo faida ya kubadilisha mpangilio programu ikiwa kazini inapoonekana. Kwa kuwa badiliko halivuki ombi moja, tovuti hiyo hiyo inaweza kumwonyesha abiria wa Nkhata Bay saa za Malawi na abiria wa Mbamba Bay saa za Tanzania, bila mmoja kumvurugia mwenzake.

Aidha, upo mtego wa saa za Kiswahili, ambazo huhesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo, wakati mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Kurudisha ukanda wa saa nyuma kwa saa sita ili ukurasa uonyeshe "saa 1" badala ya 07:00 ni kosa, kwa sababu tarehe nayo itachelewa kubadilika hadi saa 12 asubuhi. Hesabu hiyo ifanywe wakati wa kuandika saa kwenye ukurasa tu, na ukanda uachwe kama ulivyo.

Yasiyokubali kubadilishwa

Si kila mpangilio hutii ini_set. Ukubwa wa faili linaloweza kupakiwa, ambao kwa kawaida ni megabaiti 2, ni mfano mmojawapo. Programu inapoanza kutekelezwa, faili limekwisha kupokelewa au kukataliwa, hivyo amri huja baada ya mlango kufungwa. Mpangilio wa namna hiyo huwekwa katika php.ini, au katika faili la .user.ini kwenye folda ya tovuti pale seva inaporuhusu, utaratibu ulioanza na toleo la 5.3 mwaka 2009. PHP husoma upya faili hilo la pili kila baada ya sekunde 300, kwa hiyo anayelirekebisha asikate tamaa asipoona matokeo papo hapo.

Mipangilio mingine hubaki kwa msimamizi wa seva peke yake, na baadhi ya wakodishaji huzuia hata ini_set yenyewe. Ndiyo maana ni muhimu kukagua jibu la amri badala ya kudhani kuwa imefaulu.

Vilevile, kubadilisha saa ya PHP hakubadilishi saa ya hifadhidata. MySQL ina mpangilio wake, na risiti ikichukua tarehe kutoka huko, kosa hubaki pale pale. Utaratibu ulio salama ni kuhifadhi kumbukumbu zote kwa saa za kimataifa za UTC, kisha kuzigeuza kuwa saa za Tanzania zinapoonyeshwa.

Chama kinachotegemea tovuti kinaweza kupima jambo hili kabla ya msimu bila gharama yoyote. Karani atoe risiti mbili za majaribio, moja saa 6:30 usiku na nyingine saa 12:30 asubuhi, kisha alinganishe saa na tarehe zake na saa ya ukutani na kalenda. Zikitofautiana, fundi aitwe kabla gunia la kwanza halijapandishwa kwenye mizani.