Siku ya Tatu Bila Pombe

Shaabani ikielekea ukingoni, wapo wanaovunja jungu kwa chupa, na mwezi ukiandama wanaacha papo hapo. Wengine huacha kwa ajili ya Kwaresima, wengine kwa sababu bodaboda imewavunja mguu na wamelazwa. Kwa mnywaji wa mara moja moja hakuna neno. Lakini kwa aliyekunywa kutwa kwa miaka, yule ambaye asubuhi mikono haitulii mpaka azimue, kuacha ghafla kunaweza kumuua.

Pombe huutuliza ubongo. Ubongo nao, ili ubaki macho, hujikaza kila siku dhidi yake, kama mtu anayesukuma mlango kwa bega. Mwenzake wa upande wa pili akiuachia ghafla, huanguka kwa nguvu zake mwenyewe.

Kutetemeka, jasho na kichefuchefu huanza takriban saa 6 baada ya glasi ya mwisho. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Siku ya pili hadi ya nne ndiyo ninayoiogopa zaidi: homa, moyo kwenda mbio, hajui siku wala mahali alipo, anafukuza wadudu wasiokuwapo. Nyumbani husemwa amerogwa, akafungwa kamba. Hiyo ni deliriamu tremensi, jina alilolitoa daktari Mwingereza Thomas Sutton mwaka 1813. Bila tiba, huweza kuua hadi theluthi ya wanaoipata. Wakitibiwa, hufa chini ya 5 kati ya 100.

Tiba ipo, na ni ya siku chache: diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa taratibu, au lorazepamu kama ini limechakaa. Kuna na sindano ya thiamini, yaani vitamini B1, ambayo haifai kusahaulika pale mgonjwa anapotundikiwa dripu ya glukosi. Akiikosa, anaweza kupoteza kumbukumbu asizipate tena.

Kila safari ya kuacha ghafla huweza kuwa kali kuliko iliyotangulia. Aliyewahi kuanguka au kuweweseka asijaribu tena nyumbani; aanzie hospitali.

Nanyi ndugu, mkiulizwa wodini kama mgonjwa wenu anakunywa, msimsitiri. Semeni anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.