Ndugu wa Tumbo Moja, Alama Mbalimbali



Wasomaji wetu watukufu, juma hili twajibu swali tuliloletewa na jamaa wa Bahati, kaunti ya Nakuru. Kijana wao figo zimeshindwa kufanya kazi, naye husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Ndugu zake watatu, wa baba mmoja na mama mmoja, walipimwa ili mmoja wao amtolee figo. Majibu yaliporudi, wawili walilingana naye nusu, na wa tatu hakulingana naye kabisa. Tangu siku hiyo maneno yamezagaa ukooni kwamba huyo wa tatu si wa baba yule. Mama yao amejifungia chumbani, na wakubwa wa ukoo watuuliza kama karatasi ya maabara ni ushahidi.

Jawabu letu ni moja: si ushahidi. Na tutaeleza sababu, kwani tuhuma iliyozaliwa na ujinga haizimwi kwa kukemea tu. Huzimwa kwa elimu.

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili askari wa kuulinda, nao ni chembe nyeupe za damu. Askari hana budi kumtambua mwenyeji na mgeni. Kwa ajili hiyo, karibu kila chembe ya mwili imebeba juu yake alama za protini ambazo wataalamu huziita HLA. Alama hizo hushika vipande vidogo vya yaliyomo ndani ya chembe na kuvionyesha nje. Askari waitwao seli T hupita wakikagua. Wakiona alama waliyoizoea, hupita kwa amani; wakiona ngeni, hupiga mbiu ya vita. Figo iliyotoka kwa mtu mwingine huja na alama zake. Askari hawajui kwamba mgeni huyu kaja kwa wema. Wao huona ugeni tu, nao humshambulia.

Jambo hili halikujulikana kwa siku moja. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Peter Medawar, mwanasayansi wa Uingereza ambaye baba yake alikuwa Mlebanoni, alichunguza ngozi iliyopandikizwa kwa watu walioungua. Aliona kwamba ngozi ya mtu mwingine hukataliwa, na kipande cha pili kutoka kwa mtoaji yule yule hukataliwa upesi zaidi. Maana yake, mwili hukumbuka. Tarehe 23 Disemba 1954, mjini Boston, daktari Joseph Murray alifaulu kuhamisha figo kutoka kwa pacha mmoja hadi kwa nduguye aliyefanana naye kwa kila alama, na askari hawakuona mgeni. Mwaka 1958 Mfaransa Jean Dausset aliigundua alama ya kwanza ya jamii hii ya HLA, na mwaka 1980 akatunukiwa Nobel pamoja na wenzake wawili.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Alama hizi hurithiwa kupitia kromosomu ya 6, na aghlabu hushuka zikiwa zimefungwa pamoja kama furushi. Kila mtu ana mafurushi mawili, moja la baba na moja la mama. Tuseme baba ana la kwanza na la pili, na mama ana la tatu na la nne. Kila mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama. Mtoto aliyepata la kwanza na la tatu, na mwenziwe aliyepata la pili na la nne, hawana hata furushi moja la pamoja, ilhali wote ni wa halali na wa kitanda kimoja.

Kwa hesabu, nduguyo wa baba na mama ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana nawe kikamilifu, nafasi 2 kati ya 4 ya kulingana nusu, na nafasi 1 kati ya 4 ya kutolingana kabisa. Wakipimwa ndugu watatu, uwezekano wa kukosa hata mmoja wa kulingana kikamilifu ni kama asilimia 42. Yaliyoifika nyumba hii ya Bahati basi ni mambo ya kawaida katika nyumba nyingi zisizo na doa.

Wala kutolingana si mwisho wa safari. Siku hizi figo huweza kupandikizwa hata pale alama zinapotofautiana, kwa msaada wa dawa za kutuliza kinga, ambazo mgonjwa huzinywa maadamu figo ile inafanya kazi. Daktari hutazama pia kundi la damu, na huchanganya maji ya damu ya mgonjwa na chembe za mtoaji ili aone kama kuna kingamwili za kuzishambulia. Kingamwili hizo huweza kuzaliwa na damu aliyoongezwa mtu zamani, au mimba, au kiungo alichopandikizwa kabla.

Uboho wa mifupa ni mgumu zaidi, kwa kuwa anayehamishwa ni askari mwenyewe, naye huweza kuushambulia mwili uliompokea. Asiye na ndugu wa kulingana naye hutafutiwa kwenye daftari za watoaji. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wenye asili ya Ulaya hupata mtoaji wa kulingana vizuri kwa asilimia 75, na wenye asili ya Afrika kwa kati ya asilimia 16 na 19. Sababu ni mbili: alama za Waafrika zina aina nyingi kuliko za watu wengine, na walioandikishwa miongoni mwao ni wachache.

Ama upande wa dini, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kutoa kiungo kwa masharti: mtoaji asiangamie, aridhie kwa hiari yake, na kiungo kisiuzwe. Basi ndugu asiburutwe hospitali kwa kuonewa haya. Na kumsingizia mwanamke zina bila mashahidi wanne ni kosa kubwa lenye adhabu ya viboko 80. Sheria yetu humnasibisha mtoto na ndoa aliyozaliwa ndani yake. Haikuwapa watu wa barazani ruhusa ya kuifuta nasaba kwa karatasi wasiyojua kuisoma.

Kwa jamaa zetu wa Bahati, nasaha yetu ni hii. Rudini kwa daktari, mumuulize kundi la damu la kila ndugu, na kama kipimo cha kingamwili kimefanywa. Huenda mmoja wao, hata huyo wa tatu, akafaa. Lakini kabla ya safari hiyo, walioyasema yale maneno na waende kwa mama yule, wamwombe radhi mbele ya wale wale waliowasikia.

Wabillahi tawfiq.