Kuponi Zilijaza Kabati, Akaunti Ikabaki Tupu

*Kubana matumizi ni jambo jema. Ila ukibana peke yako, bila mwenzi wako kujua, mnaweza kujikuta mna dawa za meno 14 na hamna hata pesa ya dharura. Mimi yalinikuta.*

Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, na ndiyo maana liliniuma.

"Mke wangu, hapa wameandika umeokoa dola 312 tangu mwaka uanze. Hizo pesa ziko wapi?"

Ilikuwa mwaka 2018. Tulikuwa tunaishi Silver Spring, mji ulio jirani na Washington, Marekani, mume wangu akisoma shahada ya pili. Tulikuwa tunaishi kwa posho yake ya chuo. Usiku ule simu ilikuwa imeingia kutoka Tanga: mama mkwe amelazwa, zinahitajika kama laki nne na nusu, yaani dola 200 hivi kwa wakati ule. Tukaangalia akaunti. Dola 61.

Mwenzangu akainama chini ya kitanda kutafuta bahasha aliyodhani ina akiba. Akakuta mifuko yangu. Dawa za meno 14, shampuu 9, dioderanti ambazo hata sikuzihesabu, na risiti ndefu kama kanga. Ndipo akaisoma ile namba kwenye risiti.

Jamani, sikuwa na jibu.

Duka la dawa lisilouza dawa tu

Kama hujawahi kufika kule, usifikirie famasi ya mtaani kwetu yenye dirisha moja na mhudumu mmoja. Maduka kama CVS na Walgreens yanauza dawa, lakini pia maziwa, chokoleti, vipodozi, pampasi, kadi za sikukuu, hata soksi. Bei ya rafuni mara nyingi ni kubwa kuliko ya supamaketi. Wanaojua hawalipi hiyo bei. Wanaingia na kuponi.

Ujanja wenyewe uko hivi. Kuna kuponi ya kiwanda, inayotolewa na mtengenezaji, na kuna kuponi ya duka. Mara nyingi unaruhusiwa kutumia zote mbili kwa bidhaa moja. Juu yake kuna kadi ya uanachama, ambayo ni bure. CVS wana ExtraCare, na zawadi yake inaitwa ExtraBucks: unanunua bidhaa iliyotajwa, unapewa hela ya kutumia dukani humo safari ijayo.

Tuseme dawa ya meno ni dola 4. Una kuponi ya kiwanda ya dola 1, unalipa 3. Duka linakurudishia ExtraBucks za dola 3. Kwa hesabu, umeipata bure! Wiki ijayo unazitumia hizo 3 kununua shampuu inayorudisha nyingine. Gurudumu linazunguka.

Halafu kuna marejesho. Zamani ulikuwa unakata kipande cha boksi, unakibandika na risiti halisi, unatuma kwa posta na kungoja hundi kwa wiki kadhaa. Siku hizi wengi wanapiga picha risiti kwa programu ya simu kama Ibotta, pesa inaingia humo, na ikifika kiwango fulani unaitoa. Kampuni zinajua kabisa kwamba wateja wengi watasahau kudai. Ni sehemu ya hesabu yao.

Nilikosea wapi?

Kwanza, ile hela ya zawadi si hela. Ina tarehe ya mwisho, na haiwezi kutumwa Tanga. Nilikuwa nakimbilia dukani Ijumaa jioni kununua kitu chochote ili dola 5 zisife. Nilikuwa naokoa 5 kwa kutumia 12.

Pili, namba iliyo kwenye risiti inapima tofauti kati ya bei ya duka na uliyolipa. Haikuulizi kama ulihitaji kitu hicho. Kununua shampuu ya dola 8 kwa dola 2 wakati kabatini zipo 9 ni kupoteza dola 2, basi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, nilikuwa nimeficha. Kwa kweli nilikuwa mpweke. Sina kazi, sina ndugu karibu, mume yuko maktaba hadi usiku. Keshia akisema "umeokoa dola 18 leo", nilijisikia kuna kitu nimeleta nyumbani. Mwenzangu hakukasirika kwa sababu ya dawa za meno. Alikasirika kwa sababu mimi nilijua hali ya akaunti na yeye hakuijua.

Dola 200 tulikopa kwa rafiki wa chuoni. Mama alitoka hospitali. Sisi tukakaa mezani na daftari.

Kanuni tulizojiwekea

1. Orodha kwanza, kuponi baadaye. Kisichokuwa kwenye orodha hakipati kuponi.

2. Kinachopungua kihamishwe. Kama sabuni ingetugharimu 9 na tumelipa 5, zile 4 zinahamishiwa akaunti ya pili jioni hiyohiyo. Akaunti tuliipa jina "Tanga".

3. Akiba ya vitu isizidi miezi mitatu. Hata losheni inaharibika.

4. Dawa hainunuliwi kwa sababu ya ofa. Ukiumwa kichwa, soma kiambato kwenye boksi. Tylenol ni acetaminophen, ambayo kwetu tunaijua kama paracetamol. Ile yenye nembo ya duka ina kiambato hichohicho, na kwa kawaida ni nafuu. Ila angalia: dawa nyingi za mafua zina acetaminophen pia, kwa hiyo usizichanganye ukazidisha dozi.

5. Kila mwezi tunasoma risiti pamoja. Dakika kumi, na chai.

Baada ya miezi minane akaunti ya "Tanga" ilikuwa na dola 190. Ni ndogo kuliko ile 312 ya kwenye risiti, lakini hii ilikuwepo kweli. Mama alipohitaji kurudi kliniki, tulituma bila kumkopa mtu.

Na wewe uliyeko hapa nyumbani?

Kwetu hatukati kuponi gazetini, lakini "nunua mbili upate ya tatu" tunazijua, na kadi za pointi zipo. Kumbuka tu kwamba pointi haiwezi kuishi kuliko duka lenyewe. Wakenya waliokuwa na kadi za Nakumatt waliliona duka hilo likianguka. Marekani, Rite Aid, mnyororo mkubwa wa maduka ya dawa, ulifunga maduka yake ya mwisho mwaka 2025. Pointi zitumie mapema, usizihesabu kama akiba.

Na leo jioni, kabla hujamwonyesha mwenzi wako ulichonunua kwa bei poa, mwonyeshe salio. Mimi ningeanza na hilo, zile dawa za meno tusingezipiga mswaki hadi mwaka 2020.