Kichocho: Mwambie daktari ulioga wapi utotoni

MAMA mmoja wa miaka 34 alifika katika kliniki yangu jijini Nairobi akiwa na bahasha iliyojaa vyeti vya matibabu. Kwa miaka miwili alikuwa amesumbuliwa na maumivu ya tumbo la chini, uchafu ukeni na damu kila alipokutana na mumewe. Zahanati tatu zilimtibu kama mgonjwa wa zinaa, na kila mara aliambiwa amlete mumewe atibiwe pia. Bwana huyo, aliyejua hajatoka nje ya ndoa, akaanza kumshuku mkewe. Wazee walikuwa wameshaitwa.

Swali lililotusaidia halikuhusu ndoa. Nilimwuliza alikulia wapi.

"Hola, daktari. Kando ya mto."

Msomaji, kama hujafika Hola, katika kaunti ya Tana River, fikiria nchi ambayo jua huwaka karibu mwaka mzima na mvua ni haba. Pasipo mto hapana shamba. Kingoni Wapokomo hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe, na Waorma huleta mifugo kunywa. Tangu miaka ya 1950, wakati wa skimu iliyotumia nguvu za wafungwa wa kizuizini wa Mau Mau, maji ya Tana yamekuwa yakielekezwa mashambani kwa mifereji.

Sina ugomvi na mifereji, kwani inalisha watu. Taabu ni kwamba konokono wanaobeba kichocho hawapendi maji yaendayo kasi. Hupenda mfereji uliotulia wenye majani, na vidimbwi ambavyo mto huacha nyuma mafuriko yanapopungua. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa humo, mayai ya minyoo huanguliwa na vijidudu vyake humwingia konokono. Huko huzaana kwa wingi mno, na baada ya wiki kadhaa hurudi majini wakiwa na mikia, wakimtafuta binadamu. Hutoboa ngozi isiyo na jeraha lolote kwa dakika chache tu.

Sasa tazama kazi ya jua. Vijidudu hivi hutoka kwa konokono mchana, hasa jua linapokaribia utosini. Saa hizo hizo ndizo watoto waliochoka na joto hujitosa majini, na kina mama huwa wamesimama mferejini wakifua. Wazazi huwaonya watoto kuhusu mamba, na wana haki, lakini mamba huonekana.

Ndani ya mwili, minyoo dume na jike hukaa pamoja katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu, na jike hutaga mayai kila siku. Mengine hutoka na mkojo yakiandamana na damu. Mengine hukwama katika kuta za kibofu na kuacha makovu ambayo, miaka ikipita, yanaweza kuziba njia ya mkojo, kuharibu figo au kuleta saratani ya kibofu. Mnyoo huishi miaka mitatu hadi mitano kwa kawaida, ingawa wengine wamejulikana kuishi zaidi ya miaka 20. Kwa hivyo kuhamia mjini hakumwondolei mtu kichocho.

Katika sehemu nyingi za Afrika, mvulana anayekojoa damu huchukuliwa kuwa anabalehe tu. Huo ni ugonjwa, na sharti atibiwe.

Kwa wanawake jambo hili limefichika zaidi. Mayai hukwama pia katika shingo ya uzazi na ukeni, yakaleta vidonda, uchafu, damu, hata utasa. Dalili hizo hufanana sana na za zinaa, na pengine na za saratani. Aidha, mkojo wa mwanamke kama huyo unaweza kupimwa usionyeshe yai hata moja. Siwalaumu mno wenzangu wa zile zahanati tatu, maana sisi madaktari wengi hatukufundishwa kuuliza kuhusu mito. Basi wewe usingoje kuulizwa. Taja mto, mfereji au bwawa uliloogea, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Waliokulia Mwea au ufuoni mwa Ziwa Victoria wataje pia, ingawa kichocho cha huko hushambulia zaidi matumbo na ini, na damu huonekana chooni.

Mkojo wa kupimwa utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Dawa ni tembe za prazikwanteli, ambazo idadi yake hutegemea uzito wa mgonjwa. Ni chungu, na zimezwe baada ya kula ili kupunguza kichefuchefu. Huua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena, na makovu ya zamani huenda yasiishe yote. Ukiwa safarini huko, maji ya kuoga yachemshwe, au yakae siku mbili katika chombo kilichofunikwa ili vijidudu vife. Ya kunywa yachemshwe vilevile.

Mama yule alipata tembe zake, na nilimwita mumewe nikamweleza mbele yake kwamba ugonjwa huu hautokani na zinaa. Bwana alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kuhusu mtoto wao wa miaka tisa, aliyekuwa amerudi wiki moja tu kutoka likizo kwa nyanyake huko Hola. Minyoo michanga haifi vyema kwa dawa hii, kwa hivyo sikumpa tembe siku hiyo. Tulihesabu wiki nane kwenye kalenda ya ukutani, na nikawaandikia tarehe ya kumleta.