Mama Mtumishi, Uchovu Huu Si Uvivu

Akina mama wapendwa, hapa Nyahanga, Kahama, wako wengi kati yetu walioajiriwa na serikali: walimu, wauguzi, watendaji. Tunaamka alfajiri kupika uji wa watoto, tunakwenda kazini, na jioni jiko linatungoja. Kuchoka hivyo ni kawaida, na usingizi huuondoa uchovu huo. Lakini upo uchovu usioondoka kwa kulala.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hali hiyo si ugonjwa, bali ni matokeo ya msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kushughulikiwa. Dalili zake ni tatu. Kwanza, nguvu huisha kabisa. Pili, moyo hujitenga na kazi: mgonjwa hana jina tena, ni "yule wa kitanda cha tatu". Tatu, mtu huona hawezi tena kufanya lolote vizuri. Muuguzi aliyefika hapo humfokea mama mwenye uchungu wa kuzaa, kisha akirudi nyumbani huwafokea wanawe.

Mara nyingi chanzo si udhaifu wa mtu. Mwaka 2016 serikali ilisitisha ajira mpya, na mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini watumishi zaidi ya 9,900. Waliobaki walibeba na zamu za wenzao.

Tena liko jambo linaloongeza mzigo: kujiona umefungwa. "Nikitoka hapa, nani atanichukua?" Anayeamini hana pengine pa kwenda huvumilia kwa kinyongo. Anayejua kuwa ujuzi wake unatakiwa hata kwingine hutumika kwa moyo, ingawa haondoki. Tena hakuna kazi ya milele. Mgodi wa Buzwagi, jirani zetu, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafikia mwisho. Kinachobaki mkononi ni ujuzi.

Basi tufanye nini? Tuchukue likizo; sheria ya ajira ya mwaka 2004 inatupa siku 28 kwa mwaka, wala si zawadi ya mkubwa wa kazi. Tusiimalize yote shambani. Tuhuishe leseni zetu mapema na kusoma hata kozi fupi. Tuzungumze na mkuu wetu kabla hatujaanza kufoka. Nyumbani, baba na watoto wakubwa washike ndoo na vyombo. Na usingizi ukipotea, au ukaanza kutamani kufa, usingoje: nenda hospitali.

Wengine husema aliyechoka amepungukiwa imani. Tusome 1 Wafalme 19. Elia alichoka hata akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha, na baadaye akampa Elisha wa kumsaidia. Ikiwa nabii alihitaji usingizi, chakula na msaidizi, sisi akina mama tusione haya kuviomba.