Kifaa cha kusomea safarini: betri na duka kwanza, bei baadaye

Wafanyabiashara wanaokaa njiani siku nyingi, pamoja na wauzaji wanaofikiria kuwaagizia vifaa vya kusomea vitabu, wanashauriwa wasianze na bei.

Soko hili lilichangamka Novemba 2007, Amazon ilipotoa Kindle ya kwanza kwa dola 399. Mzigo wote ulikwisha katika muda wa saa 5 na nusu. Siku hizi vifaa vya kawaida huuzwa Marekani kati ya dola 100 na 200, kabla ya usafirishaji na ushuru.

Faida kwa msafiri iko kwenye kioo. Wino wake wa kielektroniki hutumia umeme hasa ukurasa unapogeuzwa, hivyo chaji moja huweza kudumu wiki kadhaa, na maandishi husomeka hata juani. Simu haimudu hayo.

Gharama iliyojificha ni duka. Kindle imefungamana na Amazon, ambayo Februari 26, 2025 iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Mwenye nayo apakie vitabu kwa Wi-Fi kabla ya kuondoka. Kobo, mali ya Rakuten, husoma mafaili ya EPUB yanayouzwa na maduka mengi.

Kwa mitumba, hatari ni akaunti ya mwenye kifaa wa awali. Isipofutwa, mnunuzi anaweza kubaki na kifaa asichoweza kukitumia. Kisajiliwe upya mbele ya muuzaji, ndipo fedha zitolewe.